Sherehe ya Thanksgiving ya watoto: nyumba ndogo, watoto wengi, hatua kwa hatua

Jamani mwezi wa kumi na moja ukishaingia simu yangu haitulii, kila mama ananiuliza lile lile, watoto wametoka shule na bata mzinga wa karatasi mkononi wanataka na wao nyumbani kuwe na Siku ya Shukrani, sasa mtu anaanzia wapi? Mimi niko Columbus, Ohio, kwetu Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa watoto wa ndugu na wa majirani tunawakusanya kwangu, mwaka jana walikuwa 14 kwenye apatimenti ya vyumba viwili na wakubwa 6. Kwahiyo naandika vile nnavyofanya mimi, chukua kinachokufaa.

Kabla ya hatua yoyote naomba tukubaliane jambo moja, manake hapa ndo wengi tunakosea. Sherehe ya watoto siyo shughuli ya wakubwa ambayo watoto wamekaribishwa. Ukiona wakubwa wamekaa kwenye makochi wanaangalia mpira, na watoto wamebanwa koridoni kwenye meza ya kukunja na sahani za karatasi wanaambiwa nyamazeni, hapo hujawafanyia kitu. Mtoto sherehe anaiona yake akiwa na kazi ndani yake, hata awe wa miaka mitatu, kazi ipo, ntaeleza.

WIKI TATU KABLA: tarehe, na maswali matatu kwa kila mzazi

Siku yenyewe ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Watu wanasema Alhamisi ya mwisho, siyo, kuna miaka Novemba inakuwa na Alhamisi tano, na sheria ya mwaka 1941 ilishasema ni ya nne, kwahiyo 2026 inaangukia tarehe 26. Walioko Kanada wao wanaifanya Jumatatu ya pili ya Oktoba. Na kama wewe siku hiyo uko zamu, najua wengi wetu tupo kwenye mabohari na kwenye nyumba za wazee na siku kama hiyo hela inakuwa nzuri, usijitese, fanya Ijumaa au Jumamosi, shule bado zimefungwa na mtoto hana shida na tarehe, shida yake ni wenzake waje.

Kila mzazi mtumie ujumbe umuulize vitu vitatu. Mtoto ana aleji ya nini (karanga, mayai, maziwa, samaki, hata nazi, uliza kwa majina usiulize tu "ana aleji?" manake wengine wanajibu hapana halafu unamuona mtoto anavimba midomo). Nyumba yao wanakula halali au vipi. Na nani atakuja kumchukua mtoto na saa ngapi. Hilo la tatu linaonekana dogo ila Novemba huku saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia na baridi kali, hutaki kubaki na watoto watano ambao wazazi wao wako kazini hawashiki simu.

Habari ya halali niiseme kabisa hapa kwa sababu ipo sehemu ambazo hutegemei. Bata mzinga wa halali Columbus anapatikana kwenye maduka ya Wasomali lakini lazima uagize mapema, ukienda Jumatatu ya wiki yenyewe wameshaisha. Halafu soma maandishi ya pakiti: ile mikate ya kujaza ndani ya bata wengine wanachanganya soseji za nguruwe, ganda la pai la kununua mengine yamepikwa na mafuta ya nguruwe, na vile vipamba vitamu vyeupe (marshmallow) wanavyomwaga juu ya viazi vitamu vingi vina jelatini ya nguruwe. Usingoje mtoto ashavila ndo mzazi wake asome pakiti.

WIKI MOJA KABLA: majani

Hii ndo sehemu nnayoipenda na haina gharama. Wachukue watoto mkaokote majani chini ya miti, wakati huo miti ya maple na mialoni imeshamwaga mengi, mekundu, njano, kahawia. Chagueni makubwa yasiyochanika, mkifika nyumbani mnayapanga katikati ya kurasa za kitabu kizito mnaweka na vitabu vingine juu, baada ya siku tano sita yamenyooka kabisa na mtu anaweza kuyaandikia na kalamu ya wino mnene. Okoteni zaidi ya idadi ya watoto, mara mbili yake kabisa, manake yanavunjika. Halafu tafuta tawi moja kavu lenye vitawi vingi, lisimamishe kwenye ndoo ya mawe, huo ndo mti wenu, utakaa katikati ya sebule na siku ya sherehe watoto watauvalisha majani.

Mapambo mengine usihangaike. Bata wa kiganja (mtoto anachora mkono wake, dole gumba ndo kichwa, vidole ndo mkia) kila mtoto anatengeneza wake na anaandika jina, hiyo ndo inakuwa alama ya kiti chake. Kama kuna watoto chini ya miaka minne maputo mimi siweki, likipasuka kipande kinaingia mdomoni kabla hujageuka, ni hatari kweli.

JUMAPILI HADI JUMATANO: bata mzinga

Sasa huyu bata ndo anawatisha watu, na anatisha kwa sababu mtu anamfikiria Jumatano usiku. Kwa watoto 14 na wakubwa 6 mimi nanunua wa pauni 14, ni kilo sita na kidogo, naongeza trei moja ya miguu ya kuku kwa sababu ukweli watoto wengi wanapenda kushika mguu wa kuku kuliko kukatiwa kifua cha bata. Wiki hiyo maduka makubwa wanawauza kwa bei ya chini sana kuliko siku nyingine, kwahiyo usinunue mapema ukadhani utamkosa, labda awe wa halali kama nilivosema.

Bata wa friza anayeyuka polepole: kwenye friji ya kawaida hesabu siku nzima kwa kila pauni nne hadi tano. Pauni 14 ni siku tatu na nusu, kwahiyo Jumapili anatoka friza anaingia friji, kwenye trei, shelfu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee matunda. Usimwache kaunta usiku kucha, nje anapata joto na ndani ni barafu, hapo vijidudu ndo vinazaliana. Mwaka wangu wa kwanza nilimtoa Jumatano asubuhi, Alhamisi nampasua ndani bado ni jiwe, tukala saa mbili usiku watoto wameshalala. Ukishachelewa, njia ni maji baridi, anakaa ndani ya plastiki yake kwenye beseni, dakika 30 kwa kila pauni na maji unabadilisha kila nusu saa, kwa pauni 14 hiyo ni masaa saba, basi piga hesabu.

Kumuosha. Najua kwetu kuku haingii chunguni bila ndimu na maji, nimekulia hivo, ila Wizara ya Kilimo huku Marekani inashauri asioshwe na sababu yake ni ya kweli, mnyama mkubwa namna hiyo kwenye sinki maji yanaruka hadi kwenye sahani na saladi na vijidudu vinaruka navyo. Moto ndo unaoviua. Ndimu yangu mimi naitia kwenye viungo. Ila kabla ya viungo ingiza mkono ndani ya tumbo na upande wa shingo, kuna kifurushi cha maini, firigisi na shingo wamekiweka humo, kitoe, wengi wanakioka nacho.

Viungo ni kama vya kuku wa kuoka: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili manga, bizari nyembamba, siagi laini, unapaka mpaka chini ya ngozi Jumatano jioni. Chumvi angalia sana, bata wengi wa friza wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani na imeandikwa kwenye plastiki, ukitia chumvi yako ya kawaida hataliwa. Pilipili kali usiweke, weka pembeni kwa wakubwa.

Jumatano hiyo hiyo oka pai ya boga, manake ikilala friji ndo inakaa vizuri. Watoto wetu wa pwani boga la nazi wanalijua toka Ramadhani kwahiyo mimi natia tui badala ya maziwa ya kopo, na kama ganda nalo halina siagi wala maziwa, hata mtoto asiyeweza maziwa anakula. Kopo moja la boga tupu la aunsi 15 (angalia liwe boga tupu, kuna lingine lina sukari tayari linafanana nalo), tui zito kikombe kimoja na nusu, mayai 2, sukari robo tatu ya kikombe, iliki kijiko kidogo, mdalasini, chumvi kiasi cha kubana na vidole. Koroga, mimina kwenye ganda la inchi 9 lenye kina, oveni nyuzi 425 za Farenhaiti dakika 15, halafu shusha 350 kwa dakika 40 hadi 50. Kisu ukikichoma karibu na katikati kikitoka kisafi, imeiva.

Chakula kingine gawa. Mwambie wifi alete pilau isiyo na pilipili, mwingine makaroni ya jibini, mwingine maandazi, mwingine mahindi na njegere. Viazi vitamu vya nazi nafanya mimi. Ule mchuzi mwekundu wa kranberi nunua kopo moja tu, ni mchachu, watoto wawili ndo wataupenda.

STORI YA SIKU HII, na kwa nini kofia za manyoya hapana

Wazazi wengi hapa wanaruka, wanasema ni siku ya kula. Mimi nakaa nao dakika kumi, chini kwenye mkeka, naanza "hadithi hadithi" wanajibu "hadithi njoo", nawapa ukweli kwa saizi yao. Kwamba mwaka 1620 meli inaitwa Mayflower ilileta Waingereza mia moja na wachache, wakafika Plymouth, Massachusetts baridi ikiwa imeshaanza, hawana nyumba hawana mashamba, na nusu yao wakafa kabla ya masika. Kwamba nchi ilikuwa ya Wawampanoagi, wazawa wa pale, na mtu mmoja wao aliyeitwa Tisquantum, ambaye miaka kabla ya hapo alitekwa na mabaharia wa Kiingereza akapelekwa kuuzwa Hispania, akapata njia ya kurudi kwao akakuta kijiji chake chote kimekwisha kwa maradhi, huyo ndo alikaa na wageni akawaonyesha kupanda mahindi kwa kuweka samaki kwenye shimo kama mbolea. Na vuli ya 1621 baada ya mavuno wakala pamoja siku tatu, Waingereza kama 50 na Wawampanoagi kama 90 na kiongozi wao Massasoit, na Wawampanoagi wakaleta paa watano. Hawakuwa na uma, hawakuwa na pai wala viazi. Hapo kwenye uma watoto wangu wote wanaomba na wao wale kwa mkono na nawaambia sawa kabisa, kwetu pilau inaliwa hivo.

Kwa wakubwa wao, miaka tisa kwenda juu, namalizia yote. Urafiki ule haukudumu, mwaka 1675 ikawa vita, ardhi ikaenda, na mpaka leo wapo wazawa ambao toka 1970 wanakusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kwa maombolezo. Na kwamba sikukuu ya taifa ilikuja baadaye, Rais Lincoln aliitangaza 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mama mmoja mhariri, Sarah Josepha Hale, kuiombea kwa barua na makala miaka na miaka. Watoto wanauliza maswali mazito, wajibu. Na kwa ajili hiyo zile kofia za karatasi zenye manyoya sitengenezi na nawaomba msitengeneze, Wawampanoagi hawakuvaa vile, na ni watu walio hai, vazi la mtu siyo pambo la sherehe. Kuna majani, kuna boga, kuna mahindi, vinatosha.

ALHAMISI YENYEWE

Bata anaingia oveni saa mbili na nusu asubuhi, nyuzi 325, wa pauni 14 asiyejazwa kitu ndani anachukua masaa matatu na nusu mpaka manne na kidogo. Usimpime kwa macho wala kwa rangi, nunua kipima joto cha nyama, unachoma penye nyama nene ya paja bila kugusa mfupa na kwenye kifua, ikifika 165 ameiva. Mtoe, mfunike na foili, apumzike nusu saa ndo umkate.

Asubuhi hiyo wa nyumbani wanaangalia kwenye tivi lile gwaride la New York la maputo makubwa kama nyumba, lipo toka 1924, linawatuliza huku wewe unafanya kazi. Wageni nawaita saa tano. Mlangoni weka kazi ya kwanza: mtoto mkubwa mmoja ndo msimamizi wa makoti, kitanda cha chumbani ndo kwa makoti, viatu kwenye trei ili theluji isiyeyukie kwenye zulia. Wengine: wawili wa kupanga vikombe, wawili wa kukunja vitambaa, wa miaka mitatu anagawa stika. Wa miaka kumi na zaidi anaponda viazi. Andika kazi kwenye karatasi bandika kwenye friji, kila mtoto aone jina lake.

Saa sita mchana kamili, kabla ya kula, pigeni simu ya video kwa bibi. Usingoje mmalize kula. Sisi huku Ohio tuko nyuma ya Afrika Mashariki masaa nane wakati huo wa mwaka, saa sita yetu mchana Tanga ni saa mbili usiku, bibi ameshaswali Isha yuko macho, ukipiga saa kumi jioni kwake ni usiku wa manane. Goma na Bukavu wako masaa saba mbele, kwao ni saa moja usiku. Watoto kila mmoja anasema shikamoo na jina lake, hata wale ambao Kiswahili chao kimeanza kupotea hilo wanaliweza, na bibi anawatajia kitendawili kimoja. Mwaka jana alitega nyumba yangu haina mlango, wakapiga kelele zote, nyanya, boga, bata, mpaka mdogo kabisa akasema yai.

Saa saba tunakula na watoto wanapakuliwa wa kwanza. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu, bisi na karanga nzima usiwape walio chini ya miaka minne, na asali hapana kwa ambaye hajatimiza mwaka.

MTI WA SHUKRANI, hapa nenda taratibu

Baada ya kula, kabla ya pai, kila mtoto anapewa jani. Kosa ni kumuuliza "unashukuru nini?" Atakwambia "familia na chakula" kwa sababu ndo anachojua unataka kusikia. Muulize hivi: nani alikusaidia wiki hii, na alifanya nini? Hapo utasikia mambo. Mmoja aliandika anamshukuru dereva wa basi la shule alimsubiri siku aliyoangusha glavu kwenye theluji. Mwingine dada yake alimfundisha kufunga kamba za viatu. Asiyejua kuandika anachora, au anasema wewe unaandika maneno yake vile vile, usiyanyooshe.

Na asiyetaka asilazimishwe. Kwenye kundi letu tuna watoto waliozaliwa Nyarugusu, kule kambini Kigoma, wazazi wao wametoka Kongo, wengine huu ndo msimu wao wa kwanza wa baridi. Mwaka juzi mmoja wao alirudisha jani, akasema yeye hashukuru, rafiki yake bado yuko kambini. Sebule ilinyamaza kidogo. Mama yake alitaka kumkemea, nikamwambia muache dada, tukampa jani lingine amwandikie huyo rafiki. Aliandika mpaka nyuma. Tulilipiga picha likatumwa WhatsApp kwa mjomba aliyeko kule, na lile jani tulilitundika juu kabisa. Toka mwaka ule naweka majani ya ziada ya "ningependa ungekuwepo" na yanaisha kila mara.

Halafu pai, halafu michezo. Kama una jirani chini usiwachezeshe michezo ya kurukaruka, chezesha mdako kwa vijiwe juu ya mkeka, vitendawili timu mbili, au kombolela ya kutafuta mahindi madogo ya karatasi uliyoyaficha sebuleni. Kama nje hakuna barafu, watoe nusu saa wakacheze rede na makoti yao, wakirudi wape juisi ya tufaha ya uvuguvugu yenye mdalasini.

KUONDOKA NA JUMATATU YAKE

Chakula kisikae mezani zaidi ya masaa mawili. Saa tisa mimi naanza kupakia, kila mtoto anaondoka na kiboksi chake, mwambie mzazi akile ndani ya siku tatu nne na apashe moto mpaka kitoe moshi. Nyama inayobaki nachambua, kesho yake ni sambusa, mifupa ni supu.

Majani yale yanayotaja mtu wa nje, dereva wa basi, mwalimu, mama wa kantini, nesi, usiyaache yakauke kwenye mti. Jumapili jioni kaa na mtoto, bandikeni jani juu ya kadi iliyokunjwa, aandike jina lake ndani, na kadi iingie mfuko wa mbele wa begi, siyo ule mkubwa, manake Jumatatu asubuhi basi linapofika milango inafunguka na kufungwa haraka na inabidi aitoe huku bado yuko kwenye ngazi.